Spana Namba Kumi na Tisa

Fundi wa pampu hakuwa na meno ya mbele, hakuwa na cheti, hakuwa na viatu visivyovuja wala sauti katika kamati ya watumia maji. Na tangu mwezi uliopita hakuwa na spana namba kumi na tisa. Shemeji yake, mwenyekiti wa kamati hiyo, aliiazima akakaze kitanda.

Kanuni waliitunga wenyewe mkutanoni: kipimo cha mtoni kikishuka chini ya sentimita hamsini, wenye pampu huko juu wazime, bustani za chini zipate maji. Mwenyekiti alikuwa na pampu tatu huko juu. Mjane mmoja alichaguliwa kusoma kipimo kila asubuhi. Wiki ya tatu sasa daftari lake lilisema sitini, na nyanya za mke wa fundi zilikuwa zinakauka.

Fundi akamshuku mjane. Alfajiri moja akamvizia mtoni.

"Mbona unaninyemelea kama paka, kaka?"

"Nataka kuona unavyopika namba."

"Sogea basi, uonje."

Fundi akainama. Sitini na moja. Mjane hakudanganya.

Alikuwa anageuka kwa aibu alipoziona bolti za ubao wa kipimo. Rangi ya njano ya bolti hizo ilikuwa imebanduka, chuma kinang'aa. Shibiri moja juu yake, nguzoni, palikuwa na matundu mawili matupu.

"Ubao umeshushwa," akasema. "Maji ni arobaini."

"Yaani nimesoma uongo kwa macho yangu mazima?"

Fundi akapima bolti kwa vidole. Kumi na tisa.

Akaenda moja kwa moja kwa shemeji yake.

"Kitanda kimekaza?"

"Kimetulia kama maji mtungini. Au cha dada yangu ndicho kinacholia?"

"Nipe spana yangu."

Mdomo wa spana ulikuwa na rangi ya njano.

"Kitanda chako cha njano, shemeji?"

Mwenyekiti akaacha kucheka. "Spana ni yako. Wakiuliza, ni ya nani?"

Usiku fundi akatafuta karatasi na kalamu. Kulipokucha akaiandikia ofisi ya bonde la mto, inayosimamia maji, akaanza hivi: *Spana iliyotumika ni yangu.*

Mkewe akaisoma barua yote, akarudia.

"Huyu ni kaka yangu wa tumbo moja."

"Najua."

Mke akazitazama nyanya zake kupitia dirishani. Kisha akamsogezea mumewe kopo la gundi.

Fundi akaifunga bahasha, akaenda posta, akaitumbukiza sandukuni.