Matembezi ya Bwana Bure

Binti yangu aliponiambia kwamba mchumba wake atanitembeza mjini wakati yeye yuko ofisini, nilikubali haraka. Nilitaka kumchunguza. Kijana ni mwokaji mikate, anafanya kazi usiku, mchana yuko huru, na alikuwa anangoja jibu langu: nampa binti au simpi. Mimi mtu hanidanganyi kwa kucheka vizuri. Namwangalia mfukoni.

Na mfukoni hakuingiza mkono hata mara moja.

Siku ya kwanza tulipanda lifti hadi juu kabisa ya maktaba, tukauona mji wote, mji ambao chupa ya maji inauzwa kwa bei ya kuku mzima wa kwetu. Bure. Tukashuka, tukaingia duka la samani, tukakalia makochi ya watu mpaka miguu ikapoa. Bure. Kwenye duka la manukato nilipuliziwa mikono yote miwili, nikatoka nanukia kama bibi harusi. Kiu tuliikata kwenye bomba la bustani. Nilifurahi, sikatai. Lakini kila nilipofurahi nilijiuliza, mwanamume gani huyu, mkono wa birika namna hii? Moyoni nikamwita Bwana Bure.

Ubahili ningeuvumilia. Kilichonitia shaka ni salamu.

"Leo hukuja na yule dada?" muuza manukato alimuuliza.

"Leo niko na mama," akajibu, akanishika mkono tukatoka upesi.

Siku ya pili, mlinzi wa duka la samani naye akasema, "Mwenzako alikuwa hapa asubuhi nzima. Kaondoka sasa hivi." Bwana Bure akakohoa, na kifua hana. Nikajiuliza huyo mwenzake ni nani. Binti yangu alitoka nyumbani alfajiri, sketi ya ofisini, mkoba begani, anawahi kazini. Basi kuna mwingine, mwenye nafasi ya kukaa kochini asubuhi nzima. Dalili ya mvua ni mawingu. Jioni nilimtazama mwanangu akila huku akinisimulia vituko vya bosi wake, nikaumia. Nikaapa kwamba kesho namuumbua huyu mwanamume mbele za watu.

Kesho yake tulipita mbele ya jumba la michoro. Mlangoni pameandikwa kuingia ni bure, na Bwana Bure akapita kama hajui kusoma.

"Mbona hatuingii?"

"Hapo tutakuja jioni, mama."

"Sasa hivi kuna nini?"

"Hamna kitu. Picha tu."

"Basi nataka picha."

"Mama, nakuomba..."

Sikumngoja amalize. Nilipanda ngazi, goti langu bovu likasahau ubovu wake. Maneno ya kumwambia huyo mwanamke nilikuwa nimeshayapanga, na mengine siwezi kuyarudia hapa.

Chumba cha kwanza kilijaa watalii. Cha pili hamna mtu. Cha tatu kilikuwa na benchi refu mbele ya mchoro wa farasi, na juu ya benchi mwanamke amelala, kichwa juu ya mkoba, viatu amevivua na kuvipanga chini. Sketi yake nilikuwa nimeipiga pasi mwenyewe asubuhi ile.

Nikamgeukia Bwana Bure.

"Ofisi yao ilifungwa mwaka jana, mama," Bwana Bure alinong'ona. "Kila siku anazunguka kutafuta kazi, akichoka anapumzika huku. Sehemu zote hizi kanionyesha yeye. Ulipokuja akaniapisha nisiseme. Anasema ukijua utarudi kwenye cherehani kutafuta hela, na daktari amekukataza kwa sababu ya macho."

Nilimkasirikia binti yangu, nikamwonea huruma, kisha nikajikasirikia mwenyewe. Nilikuwa nimeikodolea macho mifuko ya mtu siku zote hizo, na uso wa mwanangu sikuusoma. Halafu swali likanijia.

"Na hela ninazopokea kila mwezi kwa jina lake, nani anatuma?"

Aliangalia chini, kwenye viatu vyake mwenyewe, na mimi nikaviangalia. Kimoja kilikuwa kimeshonwa ubavuni kwa uzi wa rangi nyingine.

Mlinzi wa jumba akatujia, funguo zinalia kiunoni. "Mama, huyu ni wako? Hapa hairuhusiwi kulala."

"Mwache kidogo, baba," nikamwambia. "Katoka kazini, amechoka."

Mlinzi alimtazama, akanitazama mimi, akaenda zake chumba cha pili. Nilisogeza viatu vya binti yangu taratibu, nikaketi miguuni pake. Upande wa pili ilibaki nafasi ya mtu mmoja.

"Kaa, mkwe," nikamwambia mwokaji mikate. "Na wewe hujalala tangu jana."