Mikono Thelathini na Mmoja

Jumapili, baada ya misa, Theodora aliwaomba waumini wa kigango cha Mitundu wenye deki ya kucheza DVD nyumbani wanyooshe mikono. Ikanyooshwa mikono thelathini na mmoja. Aliihesabu kutoka kulia, akairudia kutoka kushoto, akaiandika kwenye daftari na kupiga mstari chini yake. Alikuwa mwalimu wa hisabati na katibu wa kwaya, na katika kazi zote mbili aliamini kwamba namba ikishaingia, ubishi hutoka.

Ubishi wenyewe ulikuwa huu. Kwaya ilikuwa imerekodi nyimbo kumi na mbili kwa picha, na Fredrick, mpiga picha wa Singida mjini, alitaka jibu kabla ya Alhamisi saa kumi jioni: atoe VCD au DVD? Zote mbili haikuwezekana. Mwenyekiti wa kwaya, Mzee Melkizedeki, alitaka VCD, kwa kuwa inachezwa na deki yoyote, hata zile za zamani ambazo vijana walirudi nazo kutoka machimboni. Theodora alitaka DVD. Picha yake ni safi, alisema, na inabeba saa mbili bila taabu. VCD mwisho wake dakika sabini na nne, na kazi yao ilikuwa ya dakika themanini na mbili. Lazima kitu kikatwe, na kila mwanakwaya alijua ni kipi. Wimbo wa mwisho, ule wa Kinyaturu, ulichukua dakika nane kamili.

Aliyeuongoza ni Bibi Emiliana. Tangu Pasaka sauti yake ilikuwa ikimkatikia njiani, na siku ya kurekodi alisema kwamba huo ndio wa mwisho kwake, akasema kama mtu anayetaja siku ya soko. Hakuna mahali pengine popote sauti ile ilipokuwa imehifadhiwa. Emiliana alikuwa shangazi yake Theodora, ndiye aliyemlea. Katika vikao vyote Theodora hakulitaja hilo hata mara moja. Alizungumzia usafi wa picha.

Namba ilikuwepo, basi, na ubishi ulikwisha. Lakini Jumatatu Theodora alisahihisha daftari moja mara mbili. Jumanne aliondoka mezani chakula kikiwa nusu, akasimama mlangoni, akarudi, akasimama tena. Aliyemtuma nje Jumatano ni Fredrick, aliyepiga simu kumkumbusha kuhusu DVD ya majaribio aliyomwachia: aipitishe kwenye deki mbili tatu za hapo kijijini, kwa uhakika tu.

Alianzia kwa Yunisi, mkulima wa alizeti ambaye siku ile alinyoosha mkono kabla ya wote. Yunisi alimkaribisha, akamsikiliza, kisha akaonyesha kwa kidole nyumba ya tatu.

"Deki iko kwa Philipo, Mwalimu."

"Lakini Jumapili ulinyoosha mkono."

"Sasa nisinyooshe? Betri si yetu?"

Ilikuwa kweli. Philipo, shemeji yake, alikuwa na deki. Runinga ilikuwa ya Obadia, mdogo wa Philipo. Betri ilitoka kwa Yunisi, na waya wa antena ulitoka kwa mwingine. Jioni vyote vilikutana kwa Philipo, watu wakajaa mpaka mlangoni. Nyumba kumi na moja za ukoo mmoja, mikono kumi na mmoja, na hakuna hata mmoja uliosema uongo.

Alitembea siku hiyo hadi giza, akaendelea Alhamisi kutoka shuleni, diski ikiwa imefungwa kwenye kitambaa. Mikono thelathini na mmoja iligeuka kuwa deki tisa. Tatu ziliisoma diski. Sita ziliizungusha, zikakwaruza, zikaandika kwamba ndani hamna kitu.

Theodora alikulia kwenye nyumba ambayo redio yake ilikuwa ya nyumba nne. Mgeni angeweza kukosea hesabu ile kwa kutojua. Yeye alikosea kwa kutaka, na hilo lilimuuma kuliko kosa lenyewe.

Saa tisa na robo alimkuta Melkizedeki kwenye mashine yake ya kukamua alizeti. Alimwamkia, akamfungulia daftari. Mzee alisoma, akacheka kwa pua.

"Mikono haizungushi diski, Mwalimu."

"Ni VCD," Theodora alisema. "Nilikosea."

Melkizedeki akampa pole. Wimbo wa shangazi yake ulikuwa mzuri, alisema, lakini ndio hivyo.

"Kuna ukurasa mwingine," Theodora alisema.

Kwenye ukurasa huo alikuwa ameandika kila kipande na muda wake. Juu kabisa, kabla ya wimbo wa kwanza, zilikuwepo salamu za mwenyekiti: Melkizedeki kando ya reli pale Itigi, suti ya kijivu, miwani myeusi ya kuazima, akisalimia jimbo, parokia, vigango vyote kwa majina, na wakwe. Dakika tisa na sekunde kumi.

Mzee alizima mashine. Theodora alitazama saa mara tatu.

"Kama Emiliana asingekuwa shangazi yako, ungekata nini?"

"Salamu."

"Jumapili pia ulikuwa na uhakika hivyo hivyo."

"Ndiyo maana nimekuandikia muda. Pima mwenyewe, usiniamini mimi."

Melkizedeki hakupima. Aliuliza, bila kumtazama, yeye angebakiwa na kiasi gani. Dakika moja na sekunde kumi, Theodora alijibu, zisizidi hata moja. Mzee alisema kwamba mkwe wake wa Rungwa anangoja kusikia jina lake na ameshawatangazia majirani. Akafikiri tena.

"Basi mkwe abaki. Vigango vitanisamehe."

Alasiri hiyo simu ilishika mtandao juu ya kichuguu nyuma ya shule tu. Theodora alipanda saa kumi kasoro dakika sita, akasema "VCD," akataja cha kukata na pa kukatia, akamrudisha Fredrick nyuma asome alichoandika, kisha akamrudisha tena.

Kutoka hapo alikwenda moja kwa moja kwa shangazi yake, akamkuta anapeta uwele.

"Nimo?" Emiliana aliuliza.

"Umo, shangazi. Wimbo wote."

"Na Melkizedeki?"

"Dakika moja na sekunde kumi."

Emiliana alipeta mara mbili zaidi kabla ya kujibu.

"Hata hiyo ni ndefu," alisema.