Mlango Uliogoma Kukaa Sawa

Fundi wa bodi alikuwa ameunyoosha mlango wa gari la michezo la shemeji yake, mume wa dada yake, hadi bati likawa laini kama kioo. Lakini kila alipoufunga, mwanya wa juu ulimeza kidole na wa chini haukupitisha hata ukucha. Alilegeza bawaba, akakaza, akalegeza tena. Wapi!

"Shemeji, mlango wenyewe ndio mbovu," mwenye gari alisema.

"Mlango hauna neno. Hebu ngoja kwanza."

Kilichomshangaza ni kwamba mlango wa upande wa pili, ambao haukuguswa, nao ulikuwa vivyo hivyo. Akalala chali, akachungulia. Gari lilikuwa limeinuliwa juu ya stendi za chuma katikati, mbele na nyuma zikining'inia, wala halikuwa na paa la kulishikilia. Au linajipinda?

Akazirudisha bawaba zilipokuwa, akalishusha taratibu kwa jeki hadi likakaa kwenye magurudumu. Akausukuma mlango kwa kidole. Ukaingia, mwanya umenyooka juu hadi chini.

"Kumbe chuma nacho hupinda mgongo!" shemeji alicheka.

"Hata mimi ndiyo kwanza naona," fundi akajibu, na akalipandisha tena ili alitazame likijipinda.