Bujiku Mfupi Hajatoka

Siku ile hakufa mtu, na pengine ndiyo maana Euphrasia hakupata wa kumwambia.

Alikuwa karani wa duara, yaani shimo la dhahabu, kule Mwakitolyo. Alikaa juu ya shimo na daftari, akaandika kila anayeshuka, akaweka alama kwa kila anayepanda. Akishasema "wote nje," ndipo mlipuaji, mzee mmoja aitwaye Ndaki, analipua baruti. Miaka sita aliifanya kazi hiyo bila kosa. Wachimbaji walimwita Mama Goodness, kwa jina la binti yake aliyekuwa chuoni Mwanza.

Duara lile lilikuwa na akina Bujiku wawili, Mrefu na Mfupi. Jumanne moja Mrefu alipanda amepakaa tope mpaka kwenye kope, akapita akisema, "Bujiku nimetoka, mama." Euphrasia, bila kuinua macho, akaweka alama kwa Mfupi. Alipofika mwisho wa orodha akaona Mrefu hana alama, na Mrefu mwenyewe yule pale anakunywa maji. Akamwekea na yeye.

"Wote nje," akasema.

Ndaki alikuwa ameshashika nyaya za betri, kikasikika kikohozi kutoka chini. Kimoja tu.

Walimpandisha Bujiku Mfupi mbiombio. Alikuwa amebaki nyuma akitafuta tindo yake. Akajifuta uso, akamgeukia karani na kumwita mama kwa Kisukuma: "Mayu, ulitaka kunizika bila sanda?" Watu wakavunjika mbavu. Euphrasia naye akacheka pamoja nao, lakini jioni hakugusa ugali.

Usingizi ulimkimbia tangu siku hiyo. Wiki ya tatu, akiwa amekaa tu anachambua mchele, moyo ukaanza kumwenda mbio kama aliyekuwa anafukuzwa. Vidole vikafa ganzi. Taya zilimuuma kwa kusaga meno, na tumbo likawa halitulii. Daftari nalo akawa anarudia kulisoma mara nne, mara tano, wachimbaji wakinung'unika kwa kucheleweshwa. Mwishowe akasingizia mgongo, akaacha kazi, akapanga chumba Shinyanga mjini na kuanza kushona sare za shule.

Mjini alikuwa na majirani, lakini hakuwa na mtu. Jirani wa ng'ambo ya ukuta alikuwa mvuta sigara, na kila akikohoa usiku Euphrasia alishtuka na kukaa kitako, jasho likimtiririka. Jumapili Goodness alipiga simu.

"Shikamoo mama. Unalala lakini?"

"Marahaba. Nalala vizuri, mwanangu."

Simu ikikatika, chumba kilizidi ukubwa.

Alipima malaria, taifodi, sukari na presha. Akapimwa na moyo. Kila alikokwenda jibu lilikuwa lilelile: "Mama, huna ugonjwa." Wengine wangeshukuru Mungu. Yeye alitoka na majibu safi mkononi na moyo unaodunda kifuani, akajiona kama ameitwa mwongo kwa adabu.

Tabibu aliyemsikiliza aliitwa Sesilia, mwanamke wa makamo, mpole. Hakumuuliza panapouma.

"Usingizi ulikukimbia lini?"

Euphrasia aliijua tarehe, na saa pia. Akaeleza yote, la Mrefu, la Mfupi, la nyaya mikononi mwa Ndaki, na la kikohozi.

"Maumivu yako ni ya kweli," Sesilia akasema. "Moyo wenyewe ni mzima, ila hofu inaukimbiza, na tumbo na vidole vinafuata. Tutakwenda nayo taratibu."

Akamfundisha kuvuta pumzi polepole na kuitoa polepole zaidi. Akamwambia chai ya rangi aiache ikifika alasiri, na usingizi ukigoma asigombane nao kitandani, aamke afanye kazi nyepesi. Halafu arudi kila Alhamisi wazungumze.

Wiki ile Euphrasia akapata wazo lake mwenyewe. Alisikia Bujiku Mfupi ameacha shimo, yuko Nkome anafanya biashara ya dagaa. Akapanda basi la Geita, na kutoka Geita akaunganisha gari jingine mpaka ziwani.

Alimkuta anageuza dagaa juani.

"Mwangaluka, mayu!" Bujiku akamwamkia kwa Kisukuma, akamlaki kwa mikono miwili. "Umepotea!"

Njia nzima Euphrasia alikuwa amepanga maneno. Yakatoka machache. "Bujiku, siku ile nilikuwekea alama. Ni mimi niliyesema wote nje."

Bujiku akakuna kichwa. "Siku ipi? Ile ya tindo?" Akacheka kidogo. "Mayu, mbona ile niliisahau siku ileile! Nikupimie dagaa?"

Alikuwa amejiandaa kwa hasira, hata kwa matusi. Kwa kusahauliwa hakuwa amejiandaa. Vidole vikaanza kufa ganzi. Akakalia ndoo iliyopinduliwa, akavuta pumzi, akaitoa polepole, akavuta tena, huku Bujiku akibishana bei na mteja mwingine bila kujua kinachoendelea. Moyo ulikimbia, ukakimbia, kisha ukaanza kupunguza. Ilikuwa mara ya kwanza mshtuko kama huo kupita bila yeye kukimbilia hospitali.

Alinunua dagaa, akaaga.

Alhamisi alimsimulia Sesilia.

"Ulitaka akusamehe?"

"Nilitaka akumbuke," Euphrasia akasema. "Ningekuwa na mwenzangu wa kuikumbuka siku ile."

Sesilia akasogeza kiti chake karibu naye. "Basi leo tuanzie hapo."

Wiki ile usiku mmoja alilala kwa muda wa saa tatu, mwingine kwa saa nne, na Ijumaa hakulala kabisa. Aliamka, akawasha taa, akashona vifungo vya mashati kwa mkono mpaka adhana ya alfajiri. Kulipopambazuka akanawa uso, akala kiporo chote, akatoa cherehani barazani.