Kubana Pini Si Kushona

Nilipoolewa nilipata mume mpole na wifi mwenye ulimi. Mume wangu ni fundi wa mabomba, mtu wa maneno machache. Maneno yote ya ukoo aliyachukua dada yake. Wifi huyo anafanya kazi maabara, anatafuta dawa mpya za kuua bakteria, na tangu siku ya kwanza sisi ni kutaniana tu. Mimi humwambia amekosa mchumba kwa sababu ananukia dawa ya choo. Yeye huniambia magauni ninayoshona yangefaa kuvalishwa magunia. Asiyetujua akitusikia anaweza kuita watu waje kutuamua.

Basi nasema mapema: huyu mwanamke namshukuru, na nitamshukuru mpaka naingia kaburini. Asisikie tu.

Ilianza kwa pini. Nilikuwa nambana bibi harusi kiuno cha gauni, pini ikanichoma kidole cha shahada, mkono wa kulia, pembeni ya ukucha. Fundi kuchomwa pini si habari. Nilinyonya damu nikaendelea na kazi. Baada ya siku chache kidole kikavimba, kikawa kinapwita kana kwamba kina moyo wake. Zahanati wakanipa vidonge, vikaisha. Wakanipa vingine, vikaisha navyo. Usaha haukukoma, na wekundu ukaanza kushuka kiganjani.

Hospitali kubwa, daktari wa upasuaji alitazama picha ya mfupa kwa muda mrefu.

"Bakteria hawa ni sugu, mama," alisema. "Dawa tulizo nazo haziwafanyi kitu, na sasa wanakaribia mfupa. Wakishuka zaidi tutakuwa tunazungumzia mkono mzima. Nashauri tukikate kidole."

"Utanipa kingine?" nikamuuliza.

Alitabasamu. Mimi sikutabasamu. Kidole kile ndicho kinachosukuma sindano na kuongoza kitambaa kwenye cherehani. Ndicho kinachojua, hata nikifumba macho, hariri iko wapi na bitana iko wapi. Bila hicho ningebaki na duka, lakini ufundi ungekuwa umekwisha.

Jioni wifi alikuja wodini nilikolazwa. Aliketi ukingoni mwa kitanda, akauinua mkono wangu, akaugeuzageuza bila hata neno moja la utani. Hapo ndipo nilipoogopa.

"Hawa hawakuingia kwa fujo," alisema. "Pini iliwafungulia mlango tu. Wakaingia, wakashika nyama. Wana vitu vya kushikia, usidhani wanaelea ovyo. Wakishashika wanakula, wanazaana, wanatoa sumu inayoyeyusha nyama ili wapate kula zaidi. Na wakiwa wengi wanajifunika utando, kama ule utelezi wa ndani ya bomba. Dawa inapita juu, wao wako chini wanakutazama."

"Na huko kwenu mna nini, au mnakula mshahara wa bure?"

"Tuna peptidi." Alisogea karibu. "Chura anaishi kwenye matope machafu, lakini akipata mchubuko hauozi. Ngozi yake ina dawa yake. Tulichukua mfano wa dawa moja ya namna hiyo, tukaitengeneza upya. Ni kitu kidogo, kama shanga chache kwenye uzi. Inanasa kwenye ngozi ya bakteria, inaitoboa, bakteria anavuja mpaka anakufa."

"Kwa hiyo mnataka kunipaka chura."

"Chura mwenyewe angekataa," alisema, na moyo wangu ukatulia kidogo.

Dawa ilikuwa bado kwenye majaribio, kwa wagonjwa wanaokubali wenyewe. Wifi hakunificha: huenda isifanye kazi. Na kwa kuwa mimi ni ndugu yake, yeye hataamua lolote. Watakaoamua ni daktari na mkuu wake wa maabara. Nikakubali. Daktari naye akakubali kusubiri, mradi wekundu usivuke kiganja. "Lakini usishone," akanionya. "Kidole kipumzike kabisa."

Kila asubuhi muuguzi alikikwangua kidonda kuondoa ule utando, nikipiga kelele zote nilizojaliwa, kisha anapaka dawa, nyeupe na laini kama losheni ya mtoto. Usaha ukapungua. Wekundu ukarudi ulikotoka. Nikaruhusiwa nyumbani, niwe nakwenda kliniki. Nilimshukuru Mungu, nikamshukuru chura, nikawashukuru mpaka wafagizi wa wodi.

Kisha kidole kikavimba tena.

Tulipaka, kikapoa, kikavimba. Mwishowe daktari akasema amesubiri vya kutosha, Jumatatu anakata. Ilikuwa dawa ya wifi, kazi ya miaka yake yote, na ilikuwa inashindwa kwenye kidole cha mke wa kaka yake. Mume wangu aliniambia dada yake hali chakula.

Jumamosi alikuja dukani kunitazama, akanikuta nambana mteja pindo.

Sasa, tuelewane. Daktari alisema nisishone, na sikushona. Aliyeshona ni msaidizi wangu. Mimi nilibana pini tu, na fundi yeyote atakwambia kubana pini si kushona, kama vile kuonja si kula. Mkono wa kushoto nilikuwa nimevaa kitakia changu cha pini, kile kinachofungwa kama saa. Nilikishona mwenyewe nilipokuwa najifunza kazi. Ndani kina pamba na nywele, na hakijawahi kufuliwa, kwa sababu kitakia hakifuliwi. Kikilowa pini zinashika kutu.

"Hicho kitu mkononi," wifi alisema, "umekivaa tangu lini?"

"Tangu ujana wangu. Lakini sijashona!"

"Sijakuuliza kushona. Ulipotoka wodini ulikivaa tena?"

Nikamtazama, nikakitazama kitakia. Pini hizohizo zilizonichoma. Nazichomoa kwa kidole kibovu, nazirudisha, nazichomoa tena.

Alichukua mkasi wangu wa kitambaa, ule nisioruhusu mtu kuugusa, akakata mkanda. Akakitia kitakia kwenye mfuko wa plastiki.

"Kikulacho ki nguoni mwako," alisema. Hakucheka.

Jumatatu, nikiwa tayari nimevaa gauni la upasuaji, mkuu wake wa maabara alikuja mwenyewe kumwona daktari. Ndani ya kitakia walikuwamo bakteria wale wale wa kidoleni, na walipowatilia peptidi walikufa wote. Dawa haikushindwa. Iliwaua kila walipoingia, nami kila siku niliwakaribisha wengine. Daktari alilifuta jina langu kwenye orodha ya upasuaji. "Kavae nguo zako, mama," akasema.

Kidole kilipona. Ncha yake ina ganzi kidogo, lakini hariri naijua na bitana naijua.

Nilipomaliza dawa nilikwenda maabara. Njia nzima nilipanga maneno ya shukrani, ya heshima, kama mtu anayekwenda kuposa. Wageni hawaingii, kwa hiyo wifi alinijia ukumbini, amebeba trei ya visahani vya kioo.

"Wifi," nikaanza, "kidole hiki..."

"Usianze."

"Niache niseme."

"Ukinishukuru nitalia, na nimebeba vitu vya watu. Nitukane tu kama kawaida."

Nikafungua mdomo. Mimi, ambaye tangu niolewe sijawahi kukosa la kumwambia mwanamke huyu, nilitafuta tusi hata moja dogo, sikulipata. Nikamwekea mkono shavuni, vidole vyote vitano. Midomo yake ikaanza kutetemeka, na visahani vikaanza kugongana, mpaka mwenzake aliyekuwa akipita akaichukua trei mikononi mwake bila kusema kitu, akatuacha.