Kitani Kilichoiva Jumapili

Joto liliingia Alhamisi, na kufikia Jumapili asubuhi maji ya mto Leie yalikuwa vuguvugu. Godelieve Vandewalle aliinama ukingoni, akachomoa bua moja la kitani kutoka tita la katikati ya tenga lililolowekwa mtoni, akalivunja mara mbili, akavuta. Uzi uliachana na mti wake kutoka shinani hadi nchani. Jana ulikuwa bado unang'ang'ania.

"Kimeiva," alisema.

Kamiel, mnyapara, alikuwa keshavaa suti ya misa. "Bwana Achiel kasema kesho, mama."

"Mume wangu kasema akiwa kitandani na nimonia yake. Maji haya hajayagusa tangu Jumanne."

"Nami naona kama wewe. Lakini Jumapili winchi ya kuvutia matenga haizungushwi bila ruhusa ya paroko. Nikiwaita watu hivihivi, wake zao watawafungia mlango."

Matenga kumi na mawili ya mbao yalikuwa yamezamishwa mtoni kwa mawe ili maji yalegeze nyuzi, upesi zaidi yakiwa na joto; ndiyo mavuno yao yote ya mwaka. Mawakala wa viwanda vya Belfast waliokuja mjini Kortrijk walinunua kwa kupima uzi kwa vidole, na uzi uliolowa kupita kiasi ulikatika mikononi mwao. Hawakurudi tena kwa nyumba iliyowauzia huo.

Godelieve alimkuta paroko katika sakristia, akivua kanzu baada ya misa ya kwanza. "Mwenye kazi anasemaje?"

"Anasema leo, Padri."

"Achiel? Yule aliyekataa hata mwaka wa mafuriko?"

"Mwenyewe."

Paroko aliitundika kanzu yake. "Haya. Baada ya misa ya pili. Na wasipige kelele."

Saa saba mchana winchi ikaanza kulia. Godelieve alihesabu kila tenga lililopanda. Akiwa amekosea, kitani kibichi hakisokoteki. Tenga la tano lilipotua nchi kavu, fimbo ya Achiel iligonga kioo cha dirisha la chumba cha juu. Akapanda ngazi na bua mkononi.

"Nani kawaruhusu?" Achiel aliuliza kwa sauti ya kukwaruza.

"Mimi. Paroko nimemwambia ni wewe."

Achiel alinyoosha mkono, akalichukua bua. Alilivunja, akavuta, uzi ukatoka mzima. Akauzungusha kidoleni, akauvuta tena kwa nguvu. Nyuzi mbili tatu zikakatika, kama zilizoanza kulowa kupita kiasi.

Achiel aligeukia dirishani.

"Yamebaki mangapi majini?"

"Saba."

"Sasa huku juu umefuata nini, mwanamke? Teremka ukayatoe!"