Kohozi la Mama Ongeri

Kama kuna mtu aliyewahi kuringa kwa sababu ya kohozi, basi ni Nyamusi wa Manga, mjane, mama wa Ongeri na wengine watatu, mkulima wa chai ambaye kanisa lake lilimkataza kuinywa, naye akaitii amri hiyo siku zote isipokuwa siku za baridi. Manga yenyewe, juu kule mgongoni mwa mlima, siku isiyo na baridi ni ya kubahatisha.

Kabla ya mwaka wa 1972 kohozi lilikuwa limemletea aibu tu. Pumu ilimwingia kifuani alipojifungua kitinda mimba wake na haikutoka tena. Asubuhi alikohoa mpaka majirani wakajua kumekucha. Kanisani, kwaya ikifika pale pa kushusha sauti, yeye ndipo alipopandisha yake. Wazee wa kanisa wakamwomba kwa upole ahamie benchi la mwisho, karibu na mlango, ati apate hewa. Nyamusi alijua vizuri kwamba waliokuwa wakitafuta hewa ni wao. Alihama, lakini alihama akiwa amenuna, na alinuna Sabato baada ya Sabato.

Ndipo akaja daktari Shueib.

Alikuwa kijana mwembamba wa Kisii mjini, mtoto wa Wasomali waliouza nguo, aliyesoma mpaka akarudi na miwani. Alikuwa akifanya utafiti wa pumu. Alieleza mbele ya watu, kwa Kiswahili cha polepole, kwamba kifua cha kila mtu hutoa ute kidogo wa kunasa vumbi na moshi, lakini kifua cha mwenye pumu hakijui kiasi. Hutoa ute mwingi, mzito, unaonata, mpaka vijia vya pumzi vinazibika. Alitaka kujua kwa nini inakuwa hivyo, na kama vidonge fulani vingeweza kuupunguza ute huo. Kwa hiyo aliomba wenye pumu wampe makohozi yao ya asubuhi, kila Jumatano, katika vikombe vyenye vifuniko.

Watu walitazamana. Mtu akupe kohozi lake, ulifunge kwenye sanduku la barafu, uende nalo usikojulikana? Nani ajuaye litafika mikononi mwa nani, na litafanyiwa nini? Wenye pumu wote wa Manga walipona siku hiyohiyo.

Nyamusi peke yake alisimama. "Mimi nitakupatia," alisema. "Mwenye anataka kuniroga na hii kohozi, aje aibebe mwenyewe aone vile ni nzito."

Basi kila Jumatano gari la daktari lilipanda kwa mngurumo hadi uani kwake. Shueib alichukua kikombe kwa mikono miwili kama anayepokea sadaka, akakiinua kwenye mwanga, akatikisa kichwa kwa furaha. "Hili ni zuri sana, Mama Ongeri. Linavutika." Hakuna aliyewahi kumwambia Nyamusi kwamba kitu chake ni kizuri sana tangu marehemu mumewe alipokuwa akimchumbia, na hata huyo hakuwa akizungumzia kohozi. Siku ya Sabato aliketi benchi lake la mwisho akiwa ameinua kidevu, na kila alipokohoa aliwatazama wale wa mbele kwa huruma, kwa kuwa makohozi yao yalikuwa yakipotea bure.

Baada ya kuchukua kikombe, daktari alikaa. Hapo ndipo penye kiini cha mambo. Ongeri alikuwa Nairobi, wa pili na wa tatu kwenye mashamba ya chai ya Kericho, binti kaolewa Magwagwa, na wote walikuja Desemba wakaondoka na ndizi. Shueib alikuja kila wiki, na hakuondoka na kitu ila kile ambacho wengine hawakukitaka. Alikula obokima, ugali wa wimbi, akauliza habari za ng'ombe, akasikiliza majibu mpaka mwisho. Waligundua kwamba wote wawili hawali nguruwe wala hawanywi pombe. "Sasa shida yetu ni siku tu," Nyamusi alisema. "Wewe ukisogeza Ijumaa yako kidogo tu, tunakuwa kanisa moja." Shueib akasema atalifikiria hilo.

Nyamusi alimpenda yule kijana. Alimpenda waziwazi, kama mtoto aliyemzaa na kumsahau sokoni, na Jumatano ikawa siku yake kubwa kuliko Sabato, jambo ambalo hakulitaja kwenye maombi.

Kisha Shueib akaanza kumpa vidonge. Na vidonge, kwa bahati mbaya, vikafanya kazi.

Wiki ya kwanza kikombe hakikujaa. Wiki zilizofuata kilipata tone tu, jembamba kama maji ya mchele. Nyamusi alipanda kutoka kisimani na mtungi kichwani bila kusimama njiani. Alilala chali, mara ya kwanza baada ya miaka mingi. Majirani walichelewa kuamka. Mtu mwingine angepiga magoti ashukuru, naye alipiga, ila shukrani zake zilikuwa na donge ndani, kwa sababu siku moja ya Jumatano aliamka mapema, akakohoa kwa nguvu zote alizojaliwa, na hakikutoka kitu.

Aliketi jikoni akikitazama kikombe kitupu. Kama hakuna kohozi hakuna utafiti, na kama hakuna utafiti hakuna gari uani. Alifikiria kuviacha vidonge. Alivitoa hata kwenye chupa yake, akavishika kiganjani, lakini akakumbuka ilivyo kukosa pumzi, akavimeza upesi. Njia nyingine ilikuwa mekoni, ndani ya chungu. Ilikuwa enderema, ile mboga inayoteleza hata mgeni huimeza kabla hajaamua kama anaipenda. Nyamusi alichota mchuzi wake kwa kijiko, akauinua, ukavutika vizuri sana.

Shueib alipokea kikombe, akakiinua kwenye mwanga. "Limebadilika," alisema.

"Ni umri," alijibu Nyamusi.

Ikaenda hivyo wiki baada ya wiki. Siku moja Roda, jirani yake, aliingia jikoni bila kubisha hodi akamkuta na kijiko mkononi.

"Mama Ongeri, hiyo ni nini unafanya?"

"Ni kohozi ya daktari."

"Kohozi unapika?"

Hapakuwa na la kuficha tena, akamweleza yote. Roda alicheka mpaka akashika ukuta, kisha akaacha kucheka. "Lakini yule kijana ako na hadubini, mama. Inaona mpaka wadudu ya ndani ya maji. Itakosa kuona mboga? Ataandika ati dawa haifanyi kazi, na wewe ndiye umeharibu."

Jambo hilo lilimchoma Nyamusi. Uongo wa kumfanya mtoto aje nyumbani aliweza kuubeba. Uongo wa kumharibia mtoto kazi hakuuweza. Hata hivyo Jumatano ilipofika alikijaza kikombe kama kawaida, kwa maana ujasiri wa kusema ulikuwa bado uko njiani.

Shueib alikuja kwa miguu, kama alivyokuwa akija kwa wiki kadhaa sasa. Gari, alisema tena, bado liko kwa fundi. Alikipokea kikombe, akafungua kifuniko, akanusa.

"Leo magadi yamezidi, Mama Ongeri."

Nyamusi alikaa chini. "Umejua lini?"

"Tangu kile cha kwanza. Nilitafuta chembe za kifua chako, nikakuta jani."

"Na umeandika nini kwa ile kazi yako? Nimekuharibia?"

"Niliandika kwamba dawa imemaliza kohozi lote. Huo ndio ukweli."

"Hukuniambia, tata, mwanangu. Umeniacha napika mboga kila wiki kama mjinga."

Shueib alivua miwani akaifuta kwa shati. "Ningekuambia, ningerudi kwa sababu gani? Utafiti ulikwisha, Mama. Hadubini imerudishwa Nairobi. Gari nalo halikuwa langu, lilichukuliwa na wenyewe. Hivi vikombe nimekuwa nikivimwaga pale darajani."

Nyamusi aliitazama miguu ya kijana iliyojaa vumbi la njia. Wiki zote hizo alikuwa akificha kijiko chake kwa bidii hata hakuona kwamba sanduku la barafu halikuja tena, wala hakujiuliza ni fundi gani huyo asiyemaliza gari. "Kwa hivyo mimi nadanganya hapa, na wewe unadanganya hapo," alisema.

"Ndiyo, Mama."

"Mimi nilikuwa naogopa hutakuja. Hiyo ndiyo ilikuwa yangu. Wewe yako ni nini? Huku kuna nini ya kijana kama wewe kupanda mlima?"

Kijana alirudisha miwani usoni, akaisogeza, akaisogeza tena.

"Mama yangu aliitwa Luul," alisema. "Alikuwa na pumu. Tulilala chumba kimoja nyuma ya duka, na miaka yote nilimsikia akiitafuta pumzi. Alikufa nikiwa sekondari, akiwa ameketi, kwa kuwa kulala hakuweza. Sikuwahi hata siku moja kumsikia akiipata." Akamalizia kwa sauti ya chini, "Wewe umeipata. Nakuja kusikiliza."

Nyamusi aliinuka. Akakisukuma kigoda karibu na chake, akampigapiga begani mpaka akakaa. Halafu akavuta pumzi, akaijaza kifua kizima, akaiachia bila haraka. Akavuta nyingine, na nyingine tena, kwa sauti kubwa kidogo kuliko ilivyohitajika, ili mtoto wa Luul asikie vizuri.